Kiinitete Kimoja au Viwili?

Mtu aliyesubiri mtoto kwa miaka mingi, akauza kiwanja ili alipie upandikizaji wa mimba, huona ni busara kumwambia daktari: "Niwekee viwili, nipate mapacha, nimalize." Hesabu hiyo inaeleweka, ila haijakamilika.

Kiinitete ni yai lililorutubishwa maabara na kukuzwa kwa siku chache kabla ya kuwekwa katika mfuko wa uzazi. Kuweka viwili kwa pamoja huongeza uwezekano wa kushika mimba kwa mara hiyo, lakini huongeza zaidi uwezekano wa mapacha. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Mtoto njiti anaweza kushindwa kupumua au kunyonya, na hatari ya mtindio wa ubongo kwake ni kubwa zaidi. Mama naye hukabiliwa zaidi na kifafa cha mimba, kisukari cha mimba na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Gharama za wodi ya watoto njiti kwa kawaida hazimo katika bei unayotajiwa na kliniki.

Ubelgiji ilitambua kwamba tatizo ni fedha. Tangu Julai 2003, serikali yake hulipia gharama za maabara hadi mizunguko 6 kwa mwanamke aliye chini ya miaka 43, kwa sharti kwamba aliye chini ya miaka 36 awekewe kiinitete kimoja katika mzunguko wa kwanza. Nchini Uingereza, ambako msimamizi aliziwekea kliniki kikomo, uzazi wa mapacha na zaidi kutokana na upandikizaji ulishuka kutoka asilimia 28 miaka ya 1990 hadi asilimia 6 mwaka 2019.

Wewe unayelipa mwenyewe, omba bei ya kugandisha kiinitete cha pili na ya kukipandikiza baadaye, kwa maandishi. Kuweka kimoja, kisha kingine ikiwa cha kwanza hakikushika, hutoa nafasi ya kupata mtoto inayokaribia ile ya kuweka vyote pamoja. Kwa mwenye umri mkubwa, au aliyekwisha kujaribu mara kadhaa, daktari anaweza kushauri viwili. Hilo si kosa, mradi akueleze sababu. Kliniki inayotangaza mapacha kama zawadi ya ziada, iulize maswali zaidi.

Idadi ya viinitete iandikwe katika fomu ya ridhaa kabla hujatia saini. Usikubali jambo hilo liamuliwe ukiwa umekwisha kulala kitandani.