Kupunguza Mwili Bila Kugombana na Njaa

Barabara ya lami kutoka Msata hadi Bagamoyo ina kilomita 64. Mtu wa kilo 70 akiikimbia yote, asidandie bodaboda popote, mwili wake utatumia takriban kalori 4,500. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori 7,700 hivi. Maana yake ni kwamba mbio ambazo wengi wetu hatungezimaliza hata tukipewa siku nzima hazitoshi kuondoa kilo moja ya kitambi. Zinavuka nusu kilo kidogo tu. Naanza na hesabu hii kwa sababu inavunja imani inayowakwamisha wengi, kwamba ukishafanya mazoezi umejinunulia ruhusa ya kula. Mtu anatoka mchakamchaka wa alfajiri hapa Lugoba, kilomita nne, ametumia kalori kama 280. Anakaa kwa mama ntilie, anaagiza chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili zinazong'aa mafuta. Kabla jasho halijakauka mgongoni, alichokitumia kimerudi chote, na nyongeza juu.

Kuna atakayeuliza: mbona vijana wanaoponda na kupakia kokoto kwenye machimbo yetu hawana vitambi? Swali la haki, na jibu lake zuri kuliko yote limetokea Tanzania hii hii. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayotumia Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, watu wanaoshinda porini wakiwinda, wakichimba mizizi na kurina asali. Kila mtu angetarajia wawe wanatumia nishati nyingi mno. Lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao ya siku hayakutofautiana na ya Wazungu wanaoshinda kwenye viti vya ofisi. Pontzer anaeleza kwamba mwili ukifanyishwa kazi sana hubana matumizi mahali pengine, kama mama wa nyumbani anayepunguza sukari mwezi ambao ada ya shule imebana. Wembamba wa Mhadzabe, na nadhani wa mpakia kokoto pia, unaelezwa zaidi na kinachopita mdomoni. Kwa hiyo anayetaka kupungua lazima ale pungufu ya anachotumia, na akila pungufu ataona njaa. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na mimi siamini kwamba ni kazi ya kukaza roho. Ni kazi ya kupanga sahani.

Njaa tuifahamu kwanza. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua homoni inayotoka tumboni, ghrelini, ambayo hupanda kabla ya chakula na kushuka baada ya kula. Baadaye ikaonekana kwamba hupanda kwa kufuata saa ambazo mtu amezoea kula, yaani njaa ina ratiba yake na haingoji tumbo liwe tupu kabisa. Mtu wa Pwani hahitaji maabara kulijua hili. Siku za mwanzo za Ramadhani, ikifika saa nne asubuhi tumbo linadai chai; likiingia kumi la pili, saa nne inapita kimya. Njaa ile hupanda kama wimbi, na mara nyingi hushuka hata usipoipa kitu. Ndiyo maana nashauri saa za kula zisiyumbe: ukila leo saa sita, kesho saa tisa, keshokutwa ukaruka kabisa, unaliharibia tumbo ratiba na litadai muda wote. Ukiwa na milo mitatu yenye saa zake, madai ya katikati hupungua yenyewe ndani ya wiki chache.

Lakini kuna njaa isiyopita kama wimbi, nayo ni ile ya mtu aliyejinyima kupita kiasi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa taarifa ya watu waliopunguza uzito kwa wiki kumi kwa kula kidogo sana. Mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na hamu yao ya kula ilikuwa bado juu. Mwili hausahau kunyimwa. Anayekunywa maji ya limau na kula tunda moja mchana kutwa ili harusi ya mwezi ujao imkute mwembamba anakopa, na mkopo huo una riba. Chai za kupunguza tumbo zinazotangazwa kwenye simu nazo, ukiona zinakuharisha, ujue unachopoteza ni maji. Upungufu wa kalori 300 hadi 500 kwa siku unatosha. Ni mdogo, unachosha kwa polepole yake, na ndio unaovumilika.

Sasa sahani. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo vitabu vingi vya lishe vinayachanganya: kushiba na kukinai. Kushiba ni habari ya tumbo, uzito na ujazo wa kilichomo. Kukinai ni habari ya ulimi: ladha ile ile imekuchosha hata kama nafasi ipo. Ukiyatenganisha haya mawili, nusu ya tatizo la njaa unaliona kwa macho.

Tuanze na kushiba. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakapima shibe kwa saa mbili. Mkate mweupe walihesabu 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, samaki 225, machungwa 202. Donati, ndugu wa karibu wa andazi letu, ilipata 68. Kalori ni zile zile, shibe ni mbingu na ardhi. Ugali na mihogo havikuwemo kwenye orodha, lakini kanuni inaonekana wazi: kinachoshibisha kina maji, nyuzinyuzi na protini, kisichoshibisha kina mafuta na sukari. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kula kina kalori 120 hivi, na kinapotea ndani ya sufuria bila tumbo kujua. Kalori hizo hizo ukizitafuta kwenye matembele ya kuchemsha, utakula zaidi ya robo kilo.

Itazame basi sahani ya kawaida ya mgahawa wa kando ya barabara kuu. Ugali umefinyangwa kwa bakuli na kupinduliwa, umekaa kama kuba. Pembeni kuna kibua wa kukaanga, maharage yaliyoungwa kwa mafuta, na matembele kiasi cha kijiko kimoja yaliyowekwa kama urembo. Kila kitu kinachohitajika kimo; vipimo tu ndivyo vimepinduka. Huhitaji kuhama mgahawa. Sema, "Mama, naomba ugali nusu, mboga za majani nijazie, na maharage niongezee." Hakuna atakayekushangaa, na bei haipandi sana. Anza na mboga na maharage, ugali ufuate. Ugali si adui. Ulichopunguza ni nafasi yake tu.

Watu wa kwetu hapa watanirukia: na nazi je? Nyama ya nazi ni mafuta kwa theluthi moja hivi, na kisamvu bila tui ni adhabu. Nakubali. Basi kwa siku za kawaida tumia tui jepesi la mkamuo wa pili au wa tatu, na kasimile ibaki ya Ijumaa au ya wageni. Mlenda hauhitaji hata hilo.

Kukinai nako kuna matumizi. Ukila ugali na kunde, utafika mahali mkono unasimama wenyewe. Kwenye shughuli hausimami: pilau ikichosha inakuja sambusa, sambusa ikichosha kuna kaimati, na soda ya kushushia. Kila ladha mpya inafungua mlango uliokwisha kufungwa. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu wazima 20 kituoni, wiki mbili wakila vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida, ruksa kula watakavyo. Kwenye vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, bila kudai kwamba ni vitamu zaidi. Kwa hiyo aina nyingi ziwe za mboga. Vitamu na vya kukaanga, kimoja kwa wakati. Ukitaka utamu, nanasi la Kiwangwa msimu wake likifika linatosha.

Mazoezi sasa yana kazi gani, kama hayayeyushi kitambi kwa kasi? Yanalinda misuli. Anayepungua kwa kula kidogo tu hupoteza mafuta pamoja na nyama, akabaki mwembamba lakini mlegevu. Nyama uzembe zimesinyaa, hazijakaza. Kwenye utafiti wa McMaster, Kanada, wa mwaka 2016, vijana waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 huku wakifanya mazoezi makali kwa wiki nne walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta, pale walipokula protini nyingi. Wenzao wa protini nusu ya hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta na misuli haikuongezeka. Kwa hiyo mchakamchaka uendelee, lakini mara mbili au tatu kwa wiki weka pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kubeba kitu kizito. Ndoo ya maji inatosha.

"Protini ni ghali," nitaambiwa. Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akilenga gramu 80 hadi 110 kwa siku yuko pazuri. Mayai mawili ni gramu 12, bakuli mbili za kunde au choroko zilizoiva ni 30, samaki wa gramu 150 aliyepikwa ni kama 35, na ugali wa robo kilo ya unga una gramu 20 zake. Jumla 97, bila unga wa kopo wala nyama ya kila siku. Dagaa wakichukua nafasi ya samaki, gharama inashuka zaidi.

Usingizi nitaugusa tu, ingawa unastahili makala yake. Vijana 12 waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo, katika utafiti wa mwaka 2004, ghrelini yao ilipanda kwa asilimia 28. Ukikesha na simu mpaka saa nane, njaa ya kesho yake usiilaumu.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: "Nikikaa na njaa, vidonda vya tumbo vinaamka." Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria, dawa za maumivu nazo huchangia. Njaa inaweza kumuumiza mwenye kidonda, lakini kidonda hakikuzaliwa na njaa, na kinatibika. Usikivumilie kwa kutafuna andazi kila saa. Nenda kituo cha afya upimwe, utibiwe, ndipo upange sahani. Na kama unatumia dawa za kisukari au za presha, ni mjamzito au unanyonyesha, usipunguze hata tonge moja kabla hujaongea na daktari.