Mfuko, Mizani na Daftari

Masomo: 2 Wafalme 12:4-15, 2 Wakorintho 8:16-21



Sisi wa Musoma na Bunda twaijua mizani ya pamba. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipochoka kupunjwa na wanunuzi, walianzisha vyama vyao wapime wenyewe. Marehemu Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, alikuwa mmoja wa viongozi wao. Lakini waliyoyakimbia kwa mnunuzi wengine waliyakuta kwa katibu wao wenyewe. Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalum kuuchunguza ushirika, na mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, likaundwa na shirika la kukagua hesabu zao, COASCO.

Sasa tuje kanisani. Makuhani wa siku za Yoashi walipokea fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana, na hata mwaka wa 23 wa mfalme huyo mabomoko yalikuwa bado yako pale pale. Maandiko hayasemi kwamba waliiba. Yasema tu nyumba haikutengenezwa, na hilo lilitosha mfalme kuwauliza. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu, na fedha zikahesabiwa na wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu.

Wako wanaoutumia mstari wa 15, ambapo wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu, kusema kwamba mtunza hazina mcha Mungu asikaguliwe. Tumeusikia ukisomwa katika kikao cha mtaa mmoja, mara stakabadhi zilipoulizwa! Ndugu, anzeni mstari wa 10. Fedha zilikwisha kuhesabiwa na wawili kabla hazijafika kwa watu hao. Naye Mtume Paulo hakubeba changizo peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, mtu asije akawalaumu.

Ugumu wetu vijijini ni kwamba twajuana mno. Mkaguzi ni shemeji wa mtunza hazina. Anafika Jumamosi, anachinjiwa kuku, na jioni inakuwa vigumu kuuliza risiti ya mabati iko wapi. Kula kuku si dhambi. Lakini shemeji angeikataa kazi hiyo tangu mwanzo. Wahasibu wenye cheti, walio chini ya Bodi yao ya Taifa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, hutakiwa vivyo hivyo: wasikague mahali wenye maslahi yao. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, la Mwalimu Nyerere wa Butiama, lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, ila sababu yake twaielewa: anayesimama pande mbili hataliona kosa la upande wake.

La kujadili katika vikundi vyenu: sadaka ya Jumapili iliyopita ilihesabiwa na wangapi, na ni nani waliotia sahihi?