SOMO LA AFYA: TUSIJIFUNGE MKONO KUKINGA MOYO



Kabla hatujaanza somo, hebu bonyeza ukucha wa kidole gumba chako. Umekuwa mweupe, sivyo? Sasa uachie. Wekundu umerudi. Ulipobonyeza, damu ilikimbia. Ulipoachia, ikarudi.

Moyo nao unahitaji damu. Wengi wetu tunadhani moyo umejaa damu, basi hauna shida. Sivyo. Moyo ni msuli, nao unalishwa na mishipa yake wenyewe iliyouzunguka kwa nje. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu inayolishwa na mshipa huo inaanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Mwaka 1986 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, walieleza jambo la ajabu. Walichukua mbwa, wakaziba mshipa wa moyo kwa dakika 5, wakauachia dakika 5. Wakafanya hivyo mara 4. Halafu wakauziba dakika 40 mfululizo. Ungetegemea mbwa hao waumie zaidi. Kumbe sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuzoeshwa! Moyo ulioonjeshwa njaa kidogo ulivumilia njaa kubwa. Lakini mshipa ulipozibwa kwa muda wa saa 3, faida hiyo haikuonekana. Kwa hiyo kinga hii inachelewesha tu kifo cha msuli, haikizuii.

Baadaye wataalamu walijaribu njia nyepesi. Waliubana mkono wa mgonjwa kwa ule mpira wa kupimia presha, wakaulegeza, wakarudia mara kadhaa. Walitumaini mkono utaupelekea moyo habari. Mwaka 2019 yakatoka majibu ya wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia, wote wakiwa wameshikwa na shambulio la moyo. Waliobanwa mkono hawakupata nafuu kuliko wasiobanwa. Basi, ndugu, mtu akikuambia ujifunge kamba au mpira wa baiskeli ili kukinga moyo, mkatalie. Ukijifunga muda mrefu utauua mkono wenyewe.

Je, mazoezi? Hapo pana ushahidi. Mwaka 1953 Dakta Jerry Morris na wenzake waliandika habari za mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Wapo waliobisha kwamba labda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Na kweli, sare zilipoangaliwa, suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni! Lakini uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha hivyo hivyo: mwili unaofanya kazi unausaidia moyo.

Mkulima atasema, "Mimi nalima, mazoezi ya nini tena?" Jembe ni zoezi zuri sana. Shida ni ile miezi ya baada ya mavuno, tunapokaa barazani, na hata dukani twaenda kwa bodaboda. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi kama hiyo. Ni nusu saa kwa siku 5. Mwenye presha au maumivu ya kifua amwone mganga wa zahanati kwanza.

Na kifua kikikubana kama umewekewa gunia, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho likakutoka, acha kazi. Kaa chini. Waite jirani wakutafutie usafiri uende hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kesho uone kama yatapoa.