Supu ya Maboga kwa Wageni wa Sikukuu

Ndugu wasomaji, wanafunzi mlio darasani na ninyi mliokwisha kumaliza masomo, likizo ya Desemba ndiyo wakati ambapo kila nyumba hupokea wageni. Katika somo hili nataka kuwaelezeni namna ya kupika supu nzito ya maboga isiyo na nyama wala maziwa, ya kuwatosha watu 8. Mimi huipika hapa Port Bell kila sikukuu. Nitaeleza pia sababu ya kila hatua, maana mpishi ajuaye sababu aweza kufanikiwa hata akikosa kitu kimoja.

Yamkini mtu atauliza, "Supu gani hiyo isiyo na nyama?" Swali hili ni la haki. Kwetu Afrika Mashariki neno supu likitajwa, mtu hufikiri mara moja mifupa, utumbo au kongoro. Hapa nitalitumia kwa maana pana: chakula cha majimaji kinachonywewa kwa kijiko, hata kama hakikukutana na mfupa.

WAGENI WETU NI NANI?

Port Bell ni bandari ya Kampala katika Ziwa Victoria, upande wa Luzira. Ilipewa jina la Sir Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza tangu 1906 hata 1909. Kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931, wasafiri wengi waliotoka Kisumu walivuka ziwa kwa meli na kushukia hapa. Bandari hukusanya watu wa namna nyingi, na penye watu wa namna nyingi pana miiko ya namna nyingi.

Tuchukue mfano wa meza moja siku ya tarehe 25 Desemba. Mkatoliki hula karibu kila kitu. Mwislamu hali nguruwe, na nyama nyingine huila ikiwa imechinjwa kwa sheria ya dini yake. Wahindu wengi hawali nyama, samaki wala mayai. Wajaini washikao dini huacha hata vitunguu na viazi, kwa kuwa ni vitu ving'olewavyo ardhini, tena wengine hawali baada ya jua kutua. Wako Wasabato walioacha nyama kabisa. Na Mkristo wa Orthodoksi kutoka Ethiopia au Eritrea, ambao si wachache mjini Kampala, Krismasi yake huwa mwezi wa Januari, kwa kawaida tarehe 7. Kwa hiyo siku yetu ya kula, yeye angali katika mfungo wake; hagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai.

Wenyeji wengine humwambia mgeni wa namna hii, "Basi wewe kula wali mtupu." Wengine huondoa vipande vya nyama na kumpakulia mchuzi uleule. La kwanza ni kumdharau, la pili ni kumdanganya. Wahenga walisema, "Ukipenda boga, penda na ua lake." Ukimpenda mgeni, penda na mwiko wake. Siku chache kabla ya karamu muulize, "Ndugu yangu, ni kitu gani usichokula?" Swali hilo halimwaibishi mtu. Kinachomwaibisha ni kukaa mbele ya sahani tupu huku wenzake wakila.

VITU VINAVYOTAKIWA

Boga moja la kilo 2.
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa hata zikatoa mafuta, vijiko 5 vya mezani.
Vitunguu maji 2.
Kitunguu saumu, punje 3.
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba.
Bizari nyembamba, kijiko 1 cha chai.
Mafuta ya alizeti au ya mimea mingine, vijiko 2 vya mezani.
Maji safi, lita 1 na robo.
Chumvi na nusu ya limau.

KUCHAGUA BOGA

Sokoni usivutwe na ukubwa. Chagua boga zito kuliko linavyoonekana, lenye ganda gumu lisilopenya ukucha, na kikonyo kilichokauka. Hizo ni dalili kwamba liliivia shambani. Boga changa lina maji mengi na wanga kidogo, na supu yake huwa nyepesi hata ufanyeje.

Ukilipasua, tazama rangi ya ndani. Rangi ile ya machungwa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ifaayo kwa macho na kwa kinga ya mwili. Karotini haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta, kwa hiyo mafuta na karanga za supu hii hazikuwekwa kwa ajili ya utamu tu.

Kisha onja kipande kidogo kibichi. Kikiwa kichungu, kiteme, na boga lote litupe. Maboga machache huwa na sumu kali ya uchungu iwezayo kumtapisha mtu na kumharisha, na moto hauiondoi. Wala usijaribu kuuficha uchungu huo kwa sukari.

KUPIKA

Kwanza, ondoa mbegu, ukate boga vipande vikubwa pamoja na ganda lake. Mbegu zioshe, uzikaushe na kuzikaanga, tutazihitaji mwishoni.

Pili, pika vipande kwa mvuke, usivitose majini. Waganda wana njia nzuri sana. Hupanga vipande vya makuti ya mgomba chini ya sufuria, wakatia maji kidogo, wakakifunga chakula katika majani ya mgomba na kukifunika. Boga likichemshwa ndani ya maji hunywa maji na kupoteza utamu wake. Kwa mvuke hubaki kavu na tamu. Jua kwamba sisi wa Port Bell tuko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo chakula chetu hukawia kidogo. Toa dakika 45 hata saa nzima, kisha choma kwa kisu. Kikizama bila kusukumwa, boga limeiva.

Tatu, kwangua nyama ya boga kwa kijiko na kutupa ganda. Iponde kwa mwiko au katika kinu, kisha uipitishe katika chujio. Mwenye mashine ya kusagia aitumie, lakini kazi ya chujio ni ileile.

Nne, kaanga vitunguu maji katika mafuta kwa moto mdogo hata vilainike bila kuungua. Tia saumu, tangawizi na bizari, vyote vimesagwa. Koroga dakika 2, kisha tia boga na lita 1 ya maji.

Tano, zile karanga zikoroge kwanza katika robo lita ya maji iliyobaki, yakiwa vuguvugu, ndipo uzimimine. Ukizitia kavu katika sufuria inayochemka zitafanya madonge. Acha supu ichemke polepole kwa dakika 20, ukikoroga na kufika chini, maana karanga hushika upesi na harufu ya kuungua haitoki tena.

Sita, ipua, tia chumvi, kisha limau. Limau likitangulia motoni, harufu yake hupotea.

KWA NINI IWE LAINI KAMA MALAI?

Watu wengi hudhani kwamba supu haiwezi kuwa laini bila malai, yaani yale mafuta ya maziwa yanayokaa juu. Sivyo. Ulimi huita kitu laini kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba hausikii chembe. Hiyo ndiyo kazi ya chujio. Sababu ya pili ni mafuta yaliyotawanyika katika matone madogo sana yasiyojitenga na maji. Maziwa yana matone hayo, na karanga zinayo pia, kwani karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Wanga wa boga huyashika matone hayo yasipande juu. Kwa hiyo ukiona mafuta yanaelea, koroga tena kwa nguvu.

Karanga zenyewe zichague moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kugeuka rangi zitupe, maana ukungu huleta sumu iitwayo aflatoksini, iletayo ugonjwa wa ini, wala haiishi kwa kuchemshwa. Tena watangazie wageni wote kwamba supu ina karanga. Wako watu ambao karanga kidogo tu huwavimbisha koo na kuwatia hatarini. Akiwapo mtu kama huyo, acha karanga kabisa, utumie tui zito la nazi nusu lita badala ya nusu lita ya maji. Tui litiwe mwishoni, wala lisichemke kwa nguvu lisije likakatika. Mgeni akiwa Mjaini, acha vitunguu vyote na tangawizi; bizari na limau vitatosha.

UAMINIFU WA SUFURIA

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Vidonge vya kukolezea supu viuzwavyo madukani vingine vina mafuta ya ng'ombe au ya kuku; soma karatasi yake kabla ya kukitia. Samli ni maziwa, haifai kwa aliye katika mfungo. Jikoni mwetu Port Bell ubao na kisu vimezoea sangara na sato, ambao Waganda huwaita mputa na ngege. Vioshe kwa sabuni na maji moto kabla ya kugusa boga. Upawa wa supu usitiwe katika sufuria ya nyama, hata mara moja. Mgeni hakuona ulivyopika. Yeye hula kwa kuliamini neno lako tu, na hiyo ni amana.

Pakua supu ikiwa moto, ukinyunyiza zile mbegu juu yake. Yafaa kuliwa na mkate au chapati zilizokandwa kwa mafuta ya mimea. Ikibaki, isikae mezani zaidi ya saa 2. Itie katika friji, na kesho yake ichemshe kabisa kabla ya kuila.

SUPU YA UHURU

Asili ya boga hili ni Amerika. Huko Meksiko zimepatikana mbegu zake za shambani zenye umri wa miaka karibu 10,000. Na katika bara hilohilo, nchini Haiti, iko supu ya maboga iitwayo joumou. Husimuliwa kwamba zamani za utumwa Waafrika waliipika kwa ajili ya mabwana zao Wafaransa, nao hawakuruhusiwa kuinywa. Haiti ilipotangaza uhuru wake tarehe 1 Januari 1804, supu hiyo ikawa ya watu wote, na hata leo huinywa kila tarehe 1 Januari, wakiwapelekea na majirani. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Supu yao kwa desturi hutiwa nyama ya ng'ombe, kwa hiyo si sawa na hii yetu. Lakini watu wale walijua vema maana ya kusimama karibu na sufuria bila kupewa bakuli.

MASWALI

1. Kwa nini boga lipikwe kwa mvuke?
2. Maji huchemka kwa nyuzi ngapi Port Bell, na jambo hilo lamhusu nini mpishi?
3. Taja vitu viwili vya dukani au vya jikoni viwezavyo kuharibu chakula cha mgeni asiyekula nyama au maziwa.
4. Eleza methali "Ukipenda boga, penda na ua lake" kwa mfano wa mgeni wa nyumbani kwenu.
5. Waulize majirani watatu ni vyakula gani wasivyokula, na kwa sababu gani. Kisha andika orodha ya chakula kimoja wawezacho kukila wote pamoja.

Nawatakieni sikukuu njema.