Kazi ya Wengi, Shabaha Moja

Leo tunajifunza jambo linalohusu kiwanda, ofisi na chama cha ushirika: wafanyakazi wa mahali pamoja wajue wanafanya kazi kwa shabaha gani. Tutaanza na ndiva, maana hiyo tunaijua sisi wa milima ya Upare.

Ndiva ni bwawa dogo. Usiku maji ya mto yanaingia kwa mfereji, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mfereji ukijaa tope au ukivuja, bwawa halijai. Basi huitwa msaragambo. Watu wanakuja na majembe, wanazibua. Asiyekuja hutozwa faini, au anakosa zamu ya maji.

Lakini faini inamleta mtu mferejini tu, haimfanyi achimbe. Tazameni watu wawili. Wa kwanza anamaliza hatua alizopimiwa, anaondoka, hata kama ameona maji yanapenya chini ya jiwe pale mbele. Wa pili analiziba lile tundu, ingawa si sehemu yake. Daftarini wote wameandikwa wamehudhuria! Tofauti ni kwamba wa pili anajua bwawa lisipojaa zamu zote zitapungua, na yake imo.

Sasa tuje kwenye ushirika. Tuseme kuna chama kinachokusanya tangawizi. Mpimaji anasifiwa kwa kupokea kilo nyingi. Mhasibu anasifiwa kwa kubana fedha, kwa hiyo hakodi lori mpaka mzigo ujae. Mtunza stoo yeye kazi yake ni kufunga mlango. Wote ni wachapa kazi, na tangawizi inaoza.

Hapo nani mkosaji? Sisi tunaona ni uongozi. Umempa kila mmoja amri yake, haukuwapa shabaha moja: mzigo wa mkulima ufike sokoni ukiwa mzima. Mhasibu akiijua shabaha hiyo atapiga hesabu nyingine. Zikioza kilo 500, na kilo moja ni shilingi 1,000, hasara ni shilingi 500,000. Lori lisilojaa likiongeza gharama kwa shilingi 200,000, afadhali liondoke leo.

Shabaha iwe fupi, kila mtu aweze kuisema. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru. Kila mmoja alijua amefuata nini, na mwishowe kodi ile ikafutwa.

Tena, wafanyakazi waulizwe. Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Wazo ni zuri, ila baraza la kusomewa taarifa na kupiga makofi halifai kitu. Mlinzi naye aseme. Pengine ndiye wa kwanza kusikia harufu ya mzigo unaooza.

Halafu kuna faida. Kiongozi akifungua maji usiku kwa shamba lake, msaragambo ujao atauchimba peke yake.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Shabaha ya chama chenu ni nini? Kila mmoja aiandike kwa sentensi moja, kisha mlinganishe.
2. Katika hesabu ya lori, chama kimeokoa shilingi ngapi?
3. Nani kati ya wafanyakazi wenu hajawahi kuulizwa maoni yake?