Kompyuta ya Linux Ikikosa Mtandao

Ndugu wanakamati, kompyuta za mkononi tunazoletewa na wafadhili nyingi zimekwisha kutumika, nasi huziwekea Linux kwa kuwa haidai ada ya leseni. Moja ikikataa kunasa mtandao usiotumia waya, msikimbilie kununua nyingine.

Tazameni kwanza kama ina swichi ubavuni au kitufe chenye alama ya antena. Kisha fungueni programu ya Terminal, mwandike rfkill list. Mkiona "Hard blocked: yes", swichi hiyo imezimwa, "Soft blocked: yes" huondolewa kwa amri sudo rfkill unblock wifi.

Pasipo kizuizi, andikeni lspci mwone aina ya kadi ya mtandao. Kadi za zamani za Broadcom ndizo sumbufu: programu ya kuziendesha mara nyingi haiji pamoja na Linux kwa sababu ya masharti ya leseni, hivyo hupakuliwa kwenye intaneti. Na intaneti ndiyo hamna! Unganisheni simu kwa waya wa USB, muiruhusu igawe intaneti yake. Kwa kawaida kompyuta huipokea kama waya wa mtandao. Katika Ubuntu, kadi nyingi za namna hii hutaka kifurushi cha bcmwl-kernel-source. Taarifa ya robo mwaka iliyokwama yaweza kutumwa kwa njia hiyohiyo ya simu, hata kabla kadi haijapona.