Tundu la Boti ya Faiba: Namna ya Kuliziba Likazibika

Kijitabu kwa wavuvi wadogo na wenye boti

Boti ya faiba haikalafatiwi. Tunaanza na hilo kwa sababu wavuvi wengi wa mwambao wetu wamelelewa kwenye mbao, na mkono uliozoea pamba, deheni na sifa hukimbilia hayo hayo faiba inapotoboka. Kwenye mashua ya mbao njia hiyo ina akili yake: ubao ukilowa huvimba, ukabana kilichosokomezwa kwenye maungio. Faiba haivimbi. Utakachosokomeza kitakaa mpaka wimbi la kwanza lenye nguvu, kisha kitoke. Boti ikitoboka mkiwa baharini, sokomezeni nguo au chochote kilicho karibu mrudi pwani. Huko ni kuokoa roho, matengenezo bado.

Fila ya magari nayo tunaikataa. Hukauka upesi, na ikipakwa rangi tundu halionekani tena, jambo linalowafaa zaidi wauzaji wa boti kuukuu kuliko wanaozipanda. Hunyonya maji, na haina nyuzi za kuipa nguvu.

Kinachoshika kiraka

Ukuta wa boti ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, na nje umefunikwa ngozi nyembamba ya gelkoti. Resini ya zamani imeshakauka. Mpya haiyeyukii ndani yake. Hushika kwenye mikwaruzo ya msasa, basi. Ndiyo maana nguvu ya kiraka inatokana zaidi na upana wa eneo ulilosaga kuliko unene wa kiraka chenyewe. Kipimo cha wajenzi wa boti ni 12 kwa 1: ukuta ukiwa na unene wa milimita 6, mteremko wa kusaga uende milimita 72 kutoka ukingo wa tundu, pande zote. Tundu la ukubwa wa ngumi litahitaji kiraka kipana kama sahani ya pilau. Fundi akisaga hivyo, usidhani anakuongezea gharama.

Kabla ya kusaga, gonga kwa sarafu kuzunguka tundu. Mlio mkali ni wa faiba nzima. Mlio mzito uliokufa unakuambia tabaka zimeachana kwa ndani. Kata mpaka ufike penye mlio mzuri.

Halafu chumvi. Osha kwa maji yasiyo na chumvi (visima vingi vya pwani vinayo, bora hata maji ya mvua), kisha iache boti ikauke siku kadhaa, imefunikwa isinyeshewe. Unyevu ukibaki, kiraka kitabanduka hata kama kila kitu kingine kilifanywa sawa. Futa mafuta kwa asetoni kabla ya kushika grenda, maana grenda huyasukuma ndani ya faiba. Petroli haifai kufutia, hasa ile iliyochanganywa na oili ya mashine.

Resini na hadena

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Hadena, dawa ya kuigandisha resini, huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya resini: kilo 1 ya resini, takribani mililita 10 hadi 20, kwa kufuata maandishi ya kopo. Jua likiwa kali kaa karibu na asilimia 1, usishuke chini yake. Resini iliyopungukiwa hadena hubaki laini na kunata, na dawa yake ni kuikwangua yote uanze upya. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa jicho. Changanya kidogo kidogo, na ufanye kazi asubuhi au kivulini. Resini iliyojaa ndoo hujipasha moto yenyewe, ikafuka moshi hata ikawaka.

Kuna wauzao resini isiyotiwa kobalti, dawa ya kuharakisha. Ukiuziwa kobalti kando, usiikutanishe kamwe na hadena moja kwa moja: hulipuka. Kobalti huchanganywa na resini kwanza, ikakorogwa vizuri, ndipo hadena ifuate. Sisi tunashauri ununue ile iliyokwisha kutiwa.

Hadena ikiruka jichoni, inaweza kupofusha. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Vaa miwani, glavu na barakoa, usivute sigara karibu, na tandika turubai chini ili vumbi la faiba lisiishie baharini.

Kulaza mati

Kama unafikia upande wa ndani, saga na ujenge kutokea huko. Kwa nje funga bati laini lililopakwa nta, lifuate umbo la boti. Paka gelkoti juu ya bati, ianze kushika, kisha laza mati, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo, ukiilowesha resini. Mati ya gramu 450 kwa mita mraba hutoa karibu milimita 1 kwa kila tabaka, hivyo ukuta wa milimita 6 ni tabaka 6, kila moja ikizidi kidogo iliyo chini yake. Toa hewa kwa rola mpaka weupe wote upotee. Baada ya tabaka 3, ngoja joto lishuke. Ukiona boya jeupe la povu nyuma ya ukuta, liondoe au likinge, kwa kuwa resini hii huliyeyusha.

Usishushe boti majini kesho yake kwa sababu kiraka kimekuwa kigumu kwa kidole. Wiki nzima ni bora.

Ufa uliofika kwenye mkuku, au kwenye tezi panapofungwa mashine, uko nje ya kijitabu hiki. Ndani ya tezi mara nyingi kuna mbao zilizofunikwa faiba, na huenda zimeshaoza. Pandisha boti ufukweni, mwite fundi wa faiba, na usiende baharini mpaka amemaliza.